Urithi wa Doom na Mafundi wa Ridhaa

Maisha ya programu ya kompyuta ni mafupi kuliko ya kazi nyingi za binadamu. Kitabu cha miaka mia husomwa kwa macho yale yale yaliyosoma cha jana. Lakini programu ya miaka ishirini hutaka mashine ambayo aghalabu imekwisha tupwa jaani. Basi yafaa kuuliza: mchezo wa Doom, uliotolewa nchini Marekani tarehe 10 Desemba, 1993, uliwezaje kuishi zaidi ya miaka thelathini? Wako wanaosema kuwa ni utamu wake. Utamu ulikuwapo, lakini michezo mingi mitamu imekwisha sahauliwa. Uhai wa Doom ulitoka katika kazi ya mafundi wa ridhaa, watu wasiolipwa mshahara, na katika sheria iliyoilinda kazi hiyo.

Mchezo huo, ambao ndani yake askari mmoja hupambana na mashetani katika miezi ya sayari ya Mirihi, ulitungwa na kampuni ya id Software ya jimbo la Texas. Aliyeunda injini yake, yaani ile sehemu ya programu inayochora kuta, kuendesha maadui na kupima mwendo wa risasi, ni John Carmack. Picha, sauti na ramani hazikuchanganywa na injini. Ziliwekwa kando katika faili za namna ya WAD. Mgawanyo huo uliwafungulia wapenzi mlango, na tangu mwaka wa 1994 wakawa wakitunga ramani zao wenyewe. Lakini injini ilibaki sanduku lililofungwa, tena lenye mipaka. Kwa mfano, ilitenga nafasi 128 tu za kuchorea sakafu na dari katika mtazamo mmoja; mtunzi wa ramani akizidisha, mchezo ulizimika papo hapo.

Tarehe 23 Desemba, 1997, Carmack alilifungua sanduku. Msimbo wa injini, yaani maandishi ambayo fundi huyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, ulitolewa kwa umma. Ulikuwa msimbo wa toleo la Linux, si la DOS, kwa kuwa lile la DOS lilitumia programu ya sauti iliyokuwa mali ya mtu mwingine. Zawadi hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na upungufu. Leseni yake ilikataza kutafuta faida, bali haikumlazimu mwenye kuurekebisha msimbo kuyaonyesha marekebisho yake. Madhara yake yalionekana katika glDoom, injini iliyoundwa ili itumie kadi mpya za michoro. Msimbo wake ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Diski ilipoharibika, kazi ikakatika. Kilichowekwa na mmoja hupotea kwa ajali moja.

Mwezi wa Oktoba, 1999, msimbo wa Doom ulitolewa tena, safari hii chini ya leseni ya GNU GPL. Leseni hii humruhusu mtu kubadili, kugawa na hata kuuza. Lakini anayegawa injini aliyoibadili sharti autoe na msimbo wake, kwa haki zile zile alizopewa yeye. Ndipo kazi ya ridhaa ilipopata nasaba. Boom, iliyoanza mwaka wa 1998, iliondoa mipaka mingi ya asili. MBF ikajengwa juu ya Boom. PrBoom ikarithi kutoka kwa zote mbili. Mafundi walichoka, wakaoa, wakavutwa na shughuli za maisha, lakini waliokuja nyuma yao hawakuanza upya.

Si kwamba walikubaliana. ZDoom, ya mwaka wa 1998, ilitaka kuutajirisha mchezo: mchezaji aliweza kuruka na kutazama juu na chini. Chocolate Doom, ya mwaka wa 2005, ilishika njia ya pili: kuuhifadhi mchezo kama ulivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Anayehariri miswada ya kale ataielewa hoja yao. Rekodi za Doom hazihifadhi picha; huhifadhi amri za mchezaji tu, 35 kwa kila sekunde. Kasoro moja ikisahihishwa, amri zile zile huweza kumpeleka askari ukutani, na ushindi wa mwaka wa 1994 ukawa kichekesho. Kusahihisha kwaweza kuwa kufuta.

Je, mwenye mali alipata hasara? Hakupata. Alitoa msimbo, lakini picha na ramani zilibaki zake, akaendelea kuziuza. Ndiyo sababu wengine walianzisha Freedoom, ili kuunda picha, sauti na ramani zilizo huru. Na mwezi wa Agosti, 2024, toleo jipya rasmi la Doom lilipotoka, lilikubali ramani zilizotungwa kwa kanuni za Boom. Waliokuwa wanafunzi walikuwa wamemwekea mwalimu kanuni.

Funzo lake halihusu michezo peke yake. Ukarimu wa mwaka wa 1997 ulianzisha kazi, na sharti la mwaka wa 1999 ndilo lililoidumisha. Elimu ikitolewa bila sharti, huweza kurudi kufungiwa katika sanduku la mwingine. Ikitolewa kwa sharti la kwamba apewaye naye atoe, humzidi umri aliyeitoa.