Vina, Larkin na mzee wetu wa Tumbatu

Haya jamani, wiki hii tunasoma mashairi ya Kiingereza ya baada ya Vita Vya Pili vya Dunia, na ubishi umetoka darasani mpaka barazani Vuga. Wengi tumekariri hivi: shairi la vina la kizamani, shairi huru ndo la kisasa. Mie nakataa, na ushahidi ninao.

Tuanze na Uingereza. T. S. Eliot alishavunja kanuni za zamani tangu 1922, na The Waste Land yake. Baada ya vita akaja Philip Larkin, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Hull toka 1955 hadi alipofariki 1985. Yeye akarudi kwenye vina na mizani, huku akiandika habari za treni, uzee na upweke kwa maneno ya watu wa kawaida. Diwani yake The Whitsun Weddings ilitoka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi yetu. Waingereza wakampenda kweli kweli.

Kwetu ugomvi ni huo huo. 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata sheria hizo, basi wataalamu wakabishana miaka na miaka!

Sasa mtazameni Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, 1933, aliyefariki 2021. Skuli hakusoma, alipita chuo cha Kurani tu. Kavua samaki, kabeba mizigo, katunga nyimbo za taarab. Diwani yake ya Kimbunga ilichapishwa 1994, miaka 20 baada ya Kichomi, ikaja kusomeshwa sekondari. Sasa nani wa kizamani hapo?

Kwa mtu kama yeye vina si pambo. Shairi lilikaa kichwani na mdomoni kabla ya kufika kwenye karatasi, na vina ndo kamba iliyofunga mzigo usimwagike njiani. Tukisema vina vimepitwa na wakati, tunawafuta kwenye historia ya ushairi wavuvi, wachukuzi na mabibi zetu wote waliotunga bila kushika kalamu.

Kezilahabi nampenda, msinielewe vibaya. Ila shairi halipimwi kwa kalenda. Anayebisha tukutane Forodhani, urojo juu yake!