Kosa na Mipaka Yake: Historia Fupi ya Mifumo Endeshi ya Vijenzi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya fikra moja katika elimu ya kompyuta: kwamba programu kuu inayotawala mashine isiwe jengo moja lisilogawanyika, bali iwe jamii ya programu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake, mali yake na mipaka yake. Fikra hiyo ilizaliwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilipuuzwa, ikashindwa hadharani zaidi ya mara moja, wala haikufa. Hadi leo inafanyiwa kazi, hasa katika mji wa Dresden, Ujerumani, ambako mfumo uitwao Genode hurekebishwa na kutolewa upya kila baada ya miezi 3 hivi.

Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanahusu nini masomo ya Kiswahili. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, ofisi zetu, benki zetu na maktaba zetu zinategemea vyombo hivi, na historia ya chombo ni sehemu ya historia ya wanaokitumia. Pili, ni vigumu kuhukumu jambo usilo na maneno ya kulisemea. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Lakini hayo yalikuwa maneno ya mtumiaji anayeandika barua. Maneno ya yule anayetaka kujua kwa nini mashine imeanguka bado ni machache. Yafaa basi tuyapange kabla ya kuendelea.

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia mashine nzima na kuzigawia programu nyingine kumbukumbu, muda na vifaa. Kiini ni sehemu yake ya ndani yenye mamlaka yote, ambayo hakuna programu iliyo juu yake. Kiendeshi ni programu inayosimamia kifaa kimoja, kama kibodi, diski au kadi ya mtandao. Kijenzi ni programu inayotimiza kazi moja ikiwa ndani ya mipaka iliyowekewa. Neno kosa tutalitumia kwa dosari yoyote iliyoachwa na mwandishi wa programu bila kukusudia.

1. Jengo moja

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, uliweka karibu huduma zote za msingi ndani ya kiini: faili, mtandao na viendeshi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ilifuata njia hiyo hiyo. Faida yake ni dhahiri. Sehemu za kiini huitana moja kwa moja, bila kuomba ruhusa, na kazi huenda upesi.

Hasara yake nayo ni dhahiri. Kila mstari ulio ndani ya kiini una mamlaka yote ya mashine. Kiendeshi cha kifaa kidogo kikikosea hesabu kinaweza kuandika juu ya kumbukumbu za mfumo wa faili, na mashine nzima ikaanguka. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba katika kiini cha Linux viendeshi vilikuwa na kiwango cha makosa mara 3 hadi 7 ya sehemu nyingine. Basi sehemu inayokosea zaidi ndiyo iliyopewa mamlaka sawa na sehemu iliyo imara kuliko zote.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia ililiona jambo hilo kwa macho. Kampuni ya usalama CrowdStrike ilisambaza faili ya masahihisho yenye kosa. Programu iliyoisoma ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Safari za ndege zilifutwa na hospitali ziliahirisha matibabu, na mashine nyingi zilibidi kuokolewa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kosa lilikuwa dogo. Kilicholikuza ni mahali lilipowekwa.

2. Wazo la Copenhagen na deni la Mach

Miaka mingi kabla ya tukio hilo, Per Brinch Hansen na wenzake katika kampuni ya Regnecentralen, Denmark, walikuwa wameonyesha njia nyingine. Katika mfumo walioutengenezea mashine ya RC 4000 mwaka 1969, kiini hakikuwa na sera yoyote ya uendeshaji. Kazi yake ilikuwa kuanzisha na kusimamisha programu, na kupeleka ujumbe kutoka programu moja hadi nyingine. Mambo mengine yote yangeweza kujengwa nje, na mzazi akawa na mamlaka juu ya watoto aliowazaa. Picha hiyo ya mzazi na mtoto tutakutana nayo tena Dresden.

Fikra hiyo ilipata nguvu mpya katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kuanzia mwaka 1985, katika mradi wa Mach ulioongozwa na Richard Rashid. Lakini hapo ndipo gharama ilipojitokeza. Katika jengo moja, kuomba huduma ni kama kumwita ndugu aliye chumba cha pili; katika mfumo wa vijenzi ni kumwandikia barua na kungoja jibu. Barua za Mach zilikuwa nzito, na mifumo iliyojengwa juu yake ilikwenda polepole. Wengi walihitimisha kwamba fikra yenyewe ilikuwa mbovu.

3. Mabishano ya 1992

Mwezi wa Januari 1992 mabishano hayo yalitoka hadharani. Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, ambaye mwaka 1987 alikuwa ametoa mfumo wa MINIX kwa ajili ya kufundishia, aliandika kwamba Linux ilikuwa imepitwa na wakati tangu kuzaliwa, kwa kuwa kiini chake ni jengo moja. Torvalds, aliyekuwa bado mwanafunzi, alijibu kwa ukali. Hata hivyo alikiri kwamba kwa upande wa nadharia kiini kidogo ni bora. Hoja yake ilikuwa kwamba Linux ipo na inafanya kazi.

Mfano uliompa Torvalds nguvu ulikuwa Hurd, kiini cha mradi wa GNU kilichoanza kuandikwa mwaka 1990 juu ya Mach. Kimekusudiwa kiwe kundi la vijenzi vinavyopelekeana ujumbe. Richard Stallman, mwasisi wa GNU, alieleza baadaye kwamba kusaka makosa katika kundi hilo kulikuwa kugumu kuliko walivyotazamia, kwa sababu sehemu nyingi hufanya kazi kwa wakati mmoja na utaratibu wa ujumbe wake hubadilika kila mara. Toleo la 0.9 lilitoka mwaka 2016, miaka 26 baada ya kuanza.

Hapa hapana budi tusimame kidogo. Watetezi wa vijenzi mara nyingi huhubiri kana kwamba kugawanya kunaondoa makosa. Sivyo. Kugawanya huleta makosa ya aina mpya: kijenzi kinamngoja mwenziwe ambaye naye anamngoja yeye, au ujumbe unafika kabla ya mpokeaji kuwa tayari. Kinachobadilika ni upana wa madhara. Kosa linabaki, ila halivuki mlango.

4. Liedtke na marudio ya fikra

Aliyeokoa fikra hii ni Mjerumani Jochen Liedtke, aliyefariki mwaka 2001. Katika makala yake ya mwaka 1993 alionyesha kwamba uzito wa Mach haukutokana na fikra ya vijenzi, bali na namna ilivyoandikwa. Kwa kukipunguza kiini na kupima kila hatua ya ujumbe, alipata mwendo uliozidi ule wa Mach kwa yapata mara 20. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden waliiendesha Linux nzima kama programu ya kawaida juu ya kiini chake cha L4, na hasara ya mwendo ikawa ndogo. Tangu hapo, kusema kwamba viini vidogo haviwezi kwenda upesi hakukuwa na ushahidi tena.

Matawi mawili yanafaa kutajwa. Mwaka 2005 Tanenbaum alitangaza MINIX 3, yenye kijenzi ambacho kazi yake ni kuwaangalia wenzake na kumwanzisha upya anayekufa. Watafiti waliingiza makosa katika viendeshi kwa makusudi ili kuthibitisha kwamba mfumo unaendelea kuishi. Mwaka 2009 wanasayansi wa Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati kwamba kiini chao, seL4, chenye mistari ya C yapata 8,700, kinafanya lile tu lililoandikwa katika maelezo yake. Uthibitisho wa namna hiyo haukufikirika kwa kiini chenye mamilioni ya mistari.

5. Dresden: tarikhi ya marekebisho

Kutokana na mazingira hayo, Norman Feske na Christian Helmuth, watafiti wa Dresden, walianza mwaka 2006 utafiti uliozaa Genode. Mwaka 2008 waliunda kampuni ndogo ya Genode Labs na kutoa toleo la kwanza hadharani. Kila toleo huitwa kwa mwaka na mwezi wake, kama 16.05 au 23.11, na huambatana na maelezo marefu ya yaliyobadilika na sababu zake. Kwa mwanahistoria maelezo hayo ni tarikhi kamili, kwa kuwa waandishi wanasimulia walichoahidi na mahali ahadi ilipovuja.

Ahadi yenyewe ni rahisi kuieleza. Vijenzi vimepangwa kama ukoo. Kila kijenzi kina mzazi, na mzazi humpa mtoto kumbukumbu kutoka fungu lake mwenyewe, naye huamua mtoto azungumze na nani. Mtoto asiyejulishwa kwamba kuna mtandao hawezi hata kuutaja. Lakini tukisoma tarikhi hiyo twaona kwamba mipaka iliyochorwa mwanzoni ilikuwa na nyufa, na kwamba kuziziba kumechukua miaka mingi. Mifano mitatu itatosha.

Wa kwanza ni wa mwaka 2016. Kabla ya hapo, sehemu yoyote ndani ya kijenzi iliweza kuyaita mazingira yake yote popote ilipo. Msomaji wa programu hakuweza kujua kwa kuiangalia ni sehemu ipi inatumia nini. Kuanzia toleo la 16.05 kijenzi hupokea mazingira yake mlangoni mara tu kinapoanzishwa, na lazima kiyakabidhi kwa wazi kwa kila sehemu inayoyahitaji. Njia ya zamani iliachwa ifanye kazi kwa muda, na vijenzi vilihamishwa kidogo kidogo katika matoleo yaliyofuata.

Wa pili ni wa mwaka 2017. Kumbukumbu ilikuwa ikihesabiwa tangu mwanzo, lakini hati za ruhusa, ambazo kijenzi hutumia ili kuwafikia wenzake, hazikuwa na hesabu. Kijenzi kibaya kingeweza kuzijilimbikizia mpaka mfumo mzima ukaishiwa. Toleo la 17.05 liliziweka chini ya mgao uleule wa mzazi na mtoto.

Wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Kadi ya mtandao au diski huweza kuandika katika kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia kwa kichakataji. Basi kiendeshi kilichofungiwa chumbani mwake kinaweza kukiamuru kifaa kiandike katika chumba cha jirani. Mashine za kisasa zina mlinzi wa kuzuia jambo hilo, lakini matumizi yake yalitegemea kiini kilichowekwa chini ya Genode. Toleo la 23.11, mwaka 2023, liliikabidhi kazi hiyo kwa kijenzi chenyewe kinachogawa vifaa, ili ulinzi upatikane bila kutegemea aina ya kiini.

Tuongeze jambo moja ambalo mabishano ya 1992 hayakulitazamia. Kikundi kidogo hakiwezi kuandika viendeshi vya vifaa vyote vya dunia. Kwa hiyo Genode huazima viendeshi vya Linux na kuvifungia kila kimoja ndani ya kijenzi chake. Kazi ya maelfu ya watu walioandika jengo moja imekuwa malighafi ya mfumo wa vijenzi. Tangu mwaka 2018, watengenezaji wenyewe hutumia mfumo wao uitwao Sculpt katika kazi zao za kila siku, na kiendeshi kilichoazimwa kikianguka huathiri wale tu wanaokitegemea.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia hii haina mshindi mmoja. Linux imetawala mashine nyingi kwa sababu watu wengi waliweza kuirekebisha mapema, na hilo si jambo la kudharau. Mifumo ya vijenzi kwa upande wake imethibitisha kwamba mipaka haigharimu kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo mpango mzuri peke yake hautoshi: Hurd ulikuwa nao ukakawia. Kilichoitofautisha Genode ni desturi ya kurudi kila baada ya miezi 3, kutafuta mahali ambapo mpaka unavuja na kuandika wazi kilichozibwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarikhi hii inatuonyesha kwamba hata ukuta mpya, uliojengwa kwa akili nyingi, huja na nyufa zake.

Kwa wasomaji wetu, hasa wanafunzi, kuna swali la kuchukua. Mashine inapoanguka tumezoea kuuliza ni nani aliyekosea. Swali lenye manufaa zaidi ni kwa nini kosa lake liliruhusiwa kufika mbali kiasi hicho. Swali hilo laweza kuulizwa kwa Kiswahili, na maneno yake tayari tunayo.