Ukaguzi wa majengo mapya hufanywa kabla ya kufukiwa

Nchini Kenya, mwenye shamba haruhusiwi kuligawa ploti wala kuanza kujenga bila idhini ya serikali ya kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inatoza anayekaidi faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Mradi pia husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

Hata hivyo, kibali pekee hakitoshi. Mkaguzi hutazama msingi na vyuma kabla ya zege kumwagwa, kwani kasoro iliyofunikwa haionekani tena. Mabomba ya maji hupimwa kwa shinikizo kabla ya mitaro kufukiwa. Vipande vya zege hupondwa katika maabara baada ya siku 7 na 28 ili kubaini uthabiti wake.

Aprili 29, 2016, jumba la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua takriban watu 50. Lilijengwa kando ya mto bila kibali.

Mnunuzi wa nyumba mpya anafaa kudai cheti cha kuruhusu watu kuhamia kabla ya kulipa.