Kuvuka ziwa kwenda nchi jirani: makaratasi ya kutayarisha kabla ya kutoka Likasi

Likasi haina bahari, lakini njia za maji zinazomtoa mtu inchini haziko mbali sana. Ndani ya Haut-Katanga yenyewe kuna ziwa Moero: kutoka Kilwa watu wanavuka kwenda Nchelenge, upande wa Zambia. Wengine wanapanda treni ya SNCC kupitia Kamina na Kabalo mpaka Kalemie, na pale wanatafuta boti ya Kigoma, Tanzania. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na inchi ine zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Katikati ya maji hakuna baria ya kuonyesha mpaka. Lakini kila bandari ni mpaka kamili, sawa na Kasumbalesa. Anayefika bila karatasi anaweza kurudishwa alikotoka, na makuta ya safari imekwisha kupotea.

Pasiporti kwanza

Karte ya kupigia kura inatumika kama kitambulisho ndani ya Kongo. Inamfikisha mtu Kalemie, Moba ao Uvira, lakini kwa inchi ya kigeni siyo karatasi ya safari. Pasiporti ndiyo inayotakiwa. Mwenye kuiomba anajaza fomu, analipa kwenye benki, kisha anaenda yeye mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Kwa watu wa Likasi, kazi hiyo inafanyika Lubumbashi, kilometa karibu 120. Bordero ya benki isitupwe, maana ndiyo ushuhuda wa malipo.

Mwenye pasiporti ya zamani atazame tarehe ya mwisho. Inchi nyingi zinaomba iwe bado na miezi 6 mbele, na ukurasa mtupu wa kupigia muhuri.

Watu wa Goma, Bukavu na Uvira wamezoea lesepase ya CEPGL. Jumuia hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1976, ni ya inchi tatu tu: Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo lesepase yake haifungui mlango wa Kigoma wala wa Mpulungu. Vilevile karatasi ya muda wanayopewa watu wa mpakani juu ya soko haimpeleki mtu mbali na eneo la mpaka.

Viza, na hesabu ya kuingia

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo mambo ya viza kati ya inchi za jumuiya yamekuwa yakilegezwa. Zambia haiko ndani ya jumuiya hiyo. Kabla ya kulipa tiketi, msafiri aulize kwenye konsula ya inchi anayokwenda. Zambia na Tanzania zote zina konsula Lubumbashi.

Safari ya maji ina mtego wake: boti moja inaweza kugusa inchi mbili ao tatu. Mtu akitoka Kalemie akaingia Kigoma, akapanda tena kwenda Bujumbura, kisha akarudi Kigoma, ameingia Tanzania mara mbili. Kama alipewa ruhusa ya kuingia mara moja tu, ile ya pili haimo. Inafaa kuandika bandari zote za njia kwa mfuatano na kuhesabu kila inchi inaingiwa mara ngapi, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Karte ya manjano

Kongo iko kati ya inchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo majirani wanaomba cheti cha chanjo. Chanjo inahesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Kuichoma siku ya kuondoka haisaidii. Tangu Julai 2016, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, cheti hicho ni cha maisha yote, hata kama juu yake pameandikwa miaka 10. Karte ya kununua bila sindano ni kosa, na haikingi mtu.

Watoto

Kila mtoto awe na pasiporti yake. Mwenye chini ya miaka 18 anayesafiri na mzazi mmoja, shangazi ao jirani abebe pia cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya wazazi yenye muhuri. Cheti kinaombwa kwenye biro ya etasivili ya komini: Likasi, Kikula, Shituru ao Panda.

Jina ndani ya manifesti

Jina la tiketi lifanane na la pasiporti, herufi kwa herufi. Kisha msafiri ahakikishe ameandikwa ndani ya manifesti, ile liste ya abiria. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama karibu na Goma, kwenye ziwa Kivu. Manifesti haikuwa na majina ya abiria wote. Mkuu wa jimbo la Kivu ya Kusini alisema ndani mulikuwa 278. Asiyeandikwa, jamaa yake hawana karatasi ya kuonyesha kwamba alipanda.

Kwenye bandari

Huduma zinazoruhusiwa kwenye mipaka ya Kongo ni ine: DGM kwa watu, DGDA kwa duane, OCC kwa bidhaa, na Hygiène kwa afya. Anayeombwa malipo aombe risiti.

Muhuri wa kutoka upigwe Kalemie, na wa kuingia upigwe upande wa pili, siku ile ile ya kushuka. Bila muhuri, mtu anahesabiwa kama aliingia kwa kujificha, hata kama pasiporti yake ni nzuri.

Mwisho, fotokopi mbili za kila karatasi: moja ndani ya plastiki, mbali na begi kubwa, na ingine ibaki nyumbani Likasi.