Kuhamisha seva ya akiba bila watu kujua

Najua nimepotea, wiki mbili nzima sijaandika kitu humu, ila sababu ninayo. Seva ya akiba ya idara yetu, ile inayotunza nakala za projekti za mwaka wa nne, ilianza kugonga. Yaani diski inatoa sauti kama mtu anagonga meza kwa kucha, tik tik tik, na aliyesoma kompyuta hata muhula mmoja anajua sauti ile inatangaza nini. Na ilikuwa wiki ya kukusanya projekti!

Fundi sanifu wa maabara akaniita mimi na mshkaji wangu tumsaidie kuhamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Wazo letu la kwanza: zima, nakili, washa. Tukapiga hesabu. Gigabaiti 700, mtandao wa maabara ni wa megabiti 100 kwa sekunde, ukiwa na afya njema unapitisha megabaiti 11 hivi. Inakuja karibu saa 18. Saa 18 ambazo hakuna anayeweza kurudishiwa faili lake lililoliwa na virusi vya flashi, na likitokea kosa dogo tu, usiku unapita bila nakala mpya. Fundi akacheka. "Wadogo zangu, tatizo hili lilishatatuliwa kabla hamjazaliwa." Nikaenda kusoma, na kweli bwana.

Mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Marvin Theimer, Keith Lantz na David Cheriton walikuwa na mfumo wao unaoitwa V. Ndani yake uliweza kuendesha programu yako kwenye mashine ya mwenzako ambaye hayupo. Sasa mwenye mashine akirudi, mgeni lazima aondoke. Ukiisimamisha programu ndipo uanze kunakili kumbukumbu yake, inakaa kimya muda mrefu, na programu nyingine zinazoongea nayo zinadhani imekufa. Wao wakageuza mambo: nakili kwanza huku programu inaendelea kufanya kazi. Ukimaliza, rudia zile sehemu tu zilizobadilika wakati unanakili. Mzunguko wa pili ni mfupi, kwa hiyo vinavyobadilika ndani yake ni vichache zaidi. Mwishoni unasimamisha kidogo tu, unabeba mabaki.

Kwa lugha ya hosteli: ni kama kuhama geto. Vitabu na ndoo unavipeleka wiki nzima huku bado unalala kwa zamani. Siku ya mwisho unabeba godoro na mswaki.

Hiyo ni kumbukumbu ya mashine. Kwa upande wa mafaili, twende Canberra, Australia, mwaka 1996. Andrew Tridgell alikuwa anasoma shahada ya uzamivu pale Australian National University (ndiye huyohuyo wa Samba), na pamoja na Paul Mackerras wakatoa programu ya rsync. Swali lao lilikuwa hili: faili lipo sehemu mbili, la huku limebadilika kidogo, laini katikati ni ya polepole. Utajuaje kilichobadilika wakati hakuna upande wenye mafaili yote mawili?

Jibu lao nalipenda sana. Upande wenye nakala ya zamani unalikata faili vipandevipande, unapiga hesabu ya namba ya kila kipande, unatuma namba tu. Upande wa pili unatafuta vipande hivyo ndani ya faili jipya, mahali popote, halafu unatuma vile ambavyo mwenzake hana. Namba zenyewe ni mbili: moja rahisi ya kuchuja, nyingine nzito ya kuhakikisha. Ile rahisi inafanya kazi kama konda wa daladala. Abiria mmoja akishuka na mwingine akipanda, konda hahesabu gari zima upya, anatoa mmoja anaongeza mmoja. Bila ujanja huo, kupima kila mahali ndani ya faili kungekuwa adhabu. Tridgell aliandika yote kwenye tasnifu yake ya mwaka 1999.

VMware walileta VMotion mwaka 2003, lakini kilichonishangaza zaidi ni kazi ya mwaka 2005 ya watafiti wa Cambridge na Copenhagen, Christopher Clark na wenzake. Walihamisha mashine pepe nzima ya Xen iliyokuwa inaendesha seva ya gemu la Quake 3, wachezaji sita wakiwa katikati ya vita. Ilisimama milisekunde 60! Na wao ndio walioeleza vizuri kwamba kuna sehemu za kumbukumbu zinazobadilika kila mara, hizo kuzifukuza ni kazi bure, ziache hadi dakika ya mwisho.

Hapo ndipo nikaelewa bahati yetu. Seva ya akiba inaandikwa usiku tu. Mchana watu wanasoma, hakuna kinachobadilika. Ni mashine rahisi kuhamisha kuliko zote.

Nilidhani hivyo. Tulianza Ijumaa saa nane mchana kwa rsync. Jumamosi saa nne asubuhi nachungulia, mashine mpya ina gigabaiti 790 na bado inanakili. Ya zamani ina 700 tu! Jasho likanitoka. Kumbe kila usiku seva inatengeneza folda mpya kamili, lakini faili ambalo halijabadilika halinakiliwi upya, linapewa jina la pili tu. Faili moja, majina thelathini. Na rsync usipoiambia -H, kila jina inalichukulia kuwa faili lake peke yake. Hata -a haina -H ndani yake, kwa sababu kufuatilia majina hayo kunaitesa mashine.

Tukafuta, tukaanza upya, diski inayokufa ikisomwa mara ya pili. Fundi hakusema kitu, alikaa tu anasikiliza ile tik tik. Jumapili asubuhi ikamaliza. Usiku nakala zikaingia kwenye seva ya zamani kama kawaida, Jumatatu asubuhi tukapitisha mzunguko wa pili, dakika 40. Kisha tukafunga, mzunguko wa mwisho, tukaipa mashine mpya anwani ya ile ya zamani. Dakika 11, na karibu zote zilikuwa za kusoma majina ya mafaili ambayo hayakubadilika.

Saa tano akaja dada mmoja wa mwaka wa nne, flashi imekufa, macho mekundu. Tukampa ripoti yake ya usiku wa Jumapili. Hakujua kama kuna kitu kilihama.

Haya, nalala. Kesho kipindi saa moja.