Julius Malema: Viwanja hujaa, kura hugota kwenye asilimia kumi

KWA zaidi ya muongo mmoja, Julius Malema wa Afrika Kusini amekuwa miongoni mwa wanasiasa wa upinzani wanaotajwa zaidi barani Afrika. Hotuba zake husikilizwa mbali na nchi yake, mikutano yake hufurika watu waliovaa fulana na kofia nyekundu, na Mei 21, 2025 video zake zilionyeshwa katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Donald Trump na mgeni wake, Rais Cyril Ramaphosa. Hata hivyo, katika chaguzi kuu tatu ambazo chama chake kimeshiriki, hakijawahi kupata kura 11 katika kila kura 100 zilizopigwa.

Pengo hilo kati ya sauti na kura ndilo fumbo la siasa za Malema. Kwa nini kiongozi anayesikilizwa na wengi kiasi hicho apigiwe kura na wachache? Je, ana nafasi ya kuingia madarakani, au atabaki kuwa sauti kali bungeni? Maswali hayo yanavihusu pia vyama vingine vya mrengo wa kushoto vinavyotafuta dola kwa njia ya sanduku la kura.

Kutoka Seshego hadi Marikana

Malema alizaliwa Machi 3, 1981 katika kitongoji cha Seshego, karibu na mji wa Polokwane, jimbo la Limpopo. Alilelewa na mama aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, na akajiunga na harakati za chama cha ANC angali mtoto. Mwaka 2008 alichaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Vijana wa ANC, na wakati huo alikuwa mpiga debe mkubwa wa Jacob Zuma, aliyeingia Ikulu mwaka 2009.

Urafiki huo haukudumu. Malema alianza kudai migodi itaifishwe na ardhi itwaliwe bila fidia, huku akimshambulia Zuma waziwazi. Mwaka 2012 ANC ilimfukuza uanachama. Agosti mwaka huohuo polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34 waliokuwa katika mgomo kwenye mgodi wa platinamu wa Marikana, na Malema alikuwa miongoni mwa wanasiasa wa mwanzo kufika kuwasikiliza wachimbaji.

Julai 2013 aliunda chama cha EFF, yaani Wapigania Uhuru wa Kiuchumi, na Oktoba mwaka huo kikazinduliwa rasmi palepale Marikana. Uchaguzi wa mahali hapo ulikuwa ujumbe tosha: chama kilikuwa kinadai kurithi hasira za wafanyakazi ambao ANC ilionekana kuwapa kisogo.

Mvuto unatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni hali ya uchumi. Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa zaidi duniani kati ya tajiri na maskini. Takribani theluthi moja ya nguvukazi yake haina ajira, na kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 35 hali ni mbaya zaidi. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1994 hana kumbukumbu ya ubaguzi wa rangi wa kisheria. Anachokiona ni kitongoji chenye msongamano, shule duni na safari ndefu ya kwenda kutafuta kibarua katika maeneo ambayo mali bado iko mikononi mwa wachache.

Chanzo cha pili ni uwazi wa ilani. Tangu kuasisiwa kwake EFF imesimamia nguzo saba, zikiwamo kutwaa ardhi bila fidia, kutaifisha migodi na benki, na elimu na afya bila malipo. Kwa msomaji wa Tanzania, orodha hiyo inakumbusha Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo nalo lilifuatiwa na utaifishaji wa benki. Tofauti ni kwamba Mwalimu Julius Nyerere alikuwa tayari ameshika dola, ilhali Malema anaiomba.

Chanzo cha tatu ni ishara. Wabunge wa EFF walipoapishwa mwaka 2014 waliingia bungeni wakiwa na ovaroli nyekundu za vibarua, na wanawake wakavaa sare za wafanyakazi wa ndani. Mwaka huohuo walianza kumtaka Zuma arejeshe fedha za umma zilizotumika katika makazi yake binafsi ya Nkandla. Wengi waliwacheka na kuwaona wapiga kelele, lakini Machi 31, 2016 Mahakama ya Katiba, katika shauri ambalo EFF ilikuwa miongoni mwa waliolifungua, iliamua kwamba Rais alishindwa kuitii na kuilinda Katiba. Waliodhani debe tupu ndilo linalovuma walilazimika kufikiri upya.

Hesabu za kura

Katika uchaguzi wa mwaka 2014, chama kikiwa na umri usiofika mwaka mmoja, EFF ilipata asilimia 6.35 ya kura na viti 25 kati ya 400. Mwaka 2019 ilipanda hadi asilimia 10.8 na viti 44, ikawa chama cha tatu kwa ukubwa. Wengi walitarajia mwaka 2024 kingepanda tena, kwa kuwa ANC ilikuwa inaporomoka. ANC kweli iliporomoka hadi asilimia 40.18 na kupoteza wingi wa viti kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994, lakini EFF nayo ilishuka hadi asilimia 9.52 na viti 39, ikawa ya nne.

Hapo ndipo somo kubwa lilipo. Kuanguka kwa chama tawala si lazima kuwe neema ya kila mpinzani. Kura zilizoondoka ANC zilikuwa na njia nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa nyumbani: katika waliojiandikisha, waliojitokeza kupiga kura walikuwa zaidi ya asilimia 73 mwaka 2014, wakashuka hadi 66 mwaka 2019 na kufikia takribani 58 mwaka 2024. Wasio na ajira na vijana, ambao Malema anawahesabu kuwa wake, ni miongoni mwa wanaokaa mbali zaidi na vituo vya kura.

Njia ya pili ilikuwa chama kipya cha Umkhonto we Sizwe, maarufu kwa jina la MK, kilichoongozwa na Zuma yuleyule. Kikiwa na umri wa miezi michache tu, kilipata asilimia 14.58 na viti 58. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, EFF ilikuwa imepata karibu asilimia 10 ya kura mwaka 2019. Mwaka 2024 ilibaki na asilimia 2 na ushei, huku MK ikizoa takribani asilimia 45. Sehemu kubwa ya anguko la EFF kitaifa inaelezwa na jimbo hilo moja. Katika ngome zake za Kaskazini Magharibi, Limpopo na Gauteng, chama hakikubomoka kwa kiasi hicho.

Kwa Malema ilikuwa kejeli ya historia. Alimsaidia Zuma kupanda, akamsaidia kuanguka, na Februari 2021 akaenda kunywa naye chai Nkandla. Miaka mitatu baadaye mzee huyo alimnyang'anya wapiga kura, kisha baadhi ya makada wake wakafuata. Floyd Shivambu, naibu wake na mwenzake tangu siku za Umoja wa Vijana, alihamia MK Agosti 2024. Wakili Dali Mpofu naye akaondoka. Mkutano mkuu wa Desemba 2024 ulimrejesha Malema katika uongozi bila mpinzani. Wafuasi wake waliona umoja, lakini wakosoaji waliona chama kilichofungamana na mtu mmoja.

Wageni, mipaka na Kiswahili

Kuna jambo jingine linalompunguzia kura, nalo linawagusa Waafrika wa nchi nyingine. Malema ni muumini wa umoja wa Afrika. Amepinga mashambulizi dhidi ya wahamiaji, ametetea mipaka iliyo wazi, na mwaka 2018 alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya pamoja ya bara zima.

Msimamo huo unampa heshima Dar es Salaam, Nairobi na Harare, lakini wakazi wa miji hiyo hawapigi kura Johannesburg. Katika vitongoji ambako ajira ni haba, wananchi wengi humwona mhamiaji kuwa mshindani, na vyama kama Patriotic Alliance na ActionSA vimejijenga kwa kudai udhibiti mkali wa mipaka. Malema mwenyewe aliliona tatizo hilo. Januari 2022 alizunguka katika migahawa ya Midrand akihoji uwiano wa wafanyakazi wageni na wazawa, jambo lililowashangaza waliomjua kwa maneno yake ya awali. Hata hivyo, hakuacha msimamo wake wa msingi, na gharama yake ameendelea kuilipa.

Mtawaza wafalme asiyetawazwa

Kwa chama chenye asilimia kumi, EFF imekuwa na nguvu inayozidi ukubwa wake. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2016, kura za madiwani wake ziliwaweka mameya wa chama cha DA katika miji ya Johannesburg na Tshwane, na kuing'oa ANC. Tangu hapo imeshirikiana mara na DA, mara na ANC. Imetumia nafasi hiyo kudai mambo ya kuonekana, kama vile walinzi na wafagiaji waajiriwe moja kwa moja na halmashauri badala ya kupitia makampuni ya uwakala.

Bungeni pia iliusukuma mjadala wa ardhi. Februari 2018 Bunge lilipitisha hoja ya EFF, baada ya kurekebishwa na ANC, ya kuangalia upya Katiba ili ardhi iweze kutwaliwa bila fidia. Lakini Desemba 2021 muswada wa marekebisho ulipofika kwenye kura, EFF iliukataa, kwa hoja kwamba haukuiweka ardhi chini ya dhamana ya dola. Theluthi mbili hazikupatikana na muswada ukafa. Waliosema Malema ana msimamo walikuwa na hoja, na waliosema alikikosa chote kwa kukataa nusu walikuwa nayo pia.

Mwaka 2024 mlango wa serikali ya kitaifa ulikuwa wazi kidogo. ANC ilihitaji mshirika, lakini EFF ilikataa kukaa katika serikali moja na DA. Juni 14, 2024 Malema aligombea urais bungeni akapata kura 44, dhidi ya 283 za Ramaphosa aliyeungwa mkono na DA. Mwaka uliofuata EFF na DA, kila kimoja kwa sababu zake, vilikwenda mahakamani kupinga ongezeko la kodi ya thamani, na Aprili 2025 serikali ikaliondoa.

Kivuli cha mahakama

Mashtaka na tuhuma zimekuwa sehemu ya maisha ya kisiasa ya Malema. Benki ya VBS ya Limpopo, iliyokuwa na akiba za watu wa kipato cha chini na fedha za halmashauri, ilianguka mwaka 2018 kwa wizi mkubwa. Aliyekuwa mwenyekiti wake, aliyehukumiwa kifungo mwaka 2024, alidai katika kiapo kwamba viongozi wa EFF walinufaika. Malema amekanusha. Hata hivyo, kwa chama kinachojitambulisha kuwa cha maskini, tuhuma ya aina hiyo huuma kuliko nyingine.

Lililo zito zaidi kisheria ni shauri la bunduki. Oktoba 1, 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa matano yaliyotokana na kufyatua risasi hewani katika sherehe za chama uwanjani Mdantsane, mwaka 2018. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 47, inamzuia kuwa mbunge mtu aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 12 bila chaguo la faini. Zuio hilo halianzi mpaka rufaa zimalizike, na linaendelea kwa miaka mitano baada ya adhabu kwisha. Ndiyo kusema, hatima ya Malema iko kwa majaji kama ilivyo kwa wapiga kura.

Nafasi yake

Kwa mujibu wa sheria, uchaguzi wa serikali za mitaa unapaswa kufanyika kati ya Novemba 2026 na Januari 2027, na uchaguzi mkuu ni mwaka 2029. Ili EFF ivuke kizingiti cha asilimia kumi, mambo matatu yanahitajika.

Kwanza, kuwafikisha vijana kwenye vituo vya kura, si viwanjani tu. Pili, kuwatuliza wananchi wa makamo, hasa wanaoishi kwa pensheni na ruzuku za serikali, wanaokubali kwamba ardhi ni haki lakini wanahofia msukosuko wa benki na bei. Tatu, kujenga viongozi wengine wanaojulikana, ili chama kisiyumbe kila jina la Malema linapoitwa mahakamani.

MK, iliyomnyang'anya kura, imekuwa na migogoro mingi ya ndani, na serikali ya ubia bado inakabiliwa na tatizo lilelile la ajira. Mazingira yaliyoizaa EFF hayajaondoka. Lakini mwaka 2024 ulionyesha kwamba hasira ya mwananchi haina hatimiliki: anaweza kumpa kura Malema, anaweza kumpa mwingine, na anaweza pia kubaki nyumbani.