Jiwe la Tabaka na Mgeni wa Meli

Mkisii anaweza kuzeeka bila kuiona bahari. Lakini ukitaka kujua kwa nini mawe yetu huchongwa madogo, na kwa nini kila kibanda kina kiboko, tembo na sahani ya sabuni, huna budi kuanzia Kilindini, bandari ya Mombasa, pale abiria wanaposhuka melini.

Mimi ni mtu wa Kitutu Masaba, Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai. Jiwe hili la sabuni nililipata upande wa mama, kwa wajomba zangu wa Tabaka, Mugirango Kusini, Kisii, nami nikaliuza Mombasa ujana wangu wote. Wajomba walinifundisha kwamba jiwe jeupe ni laini na jekundu ni gumu, na kwamba jiwe lililotoka shimoni likiwa bado na unyevu ndilo linalokubali kisu. Wanaume huchimba kwa sululu na mtaimbo, hukata umbo kwa panga, kisha humalizia kwa kisu na tupa. Wanawake hukaa na beseni la maji na msasa, wakisugua hadi mikono igeuke myeupe. Mng'ao ule anaoupapasa mgeni ni kazi ya mama, ingawa jina linaloulizwa siku zote ni la mchongaji.

Wazee hawakuchonga tembo. Walichonga viko vya tumbaku, bakuli na mbao za bao, na unga mweupe wa jiwe walijipaka kwenye sherehe. Vitu hivyo vilitumika na jirani, na jirani akiona kasoro alirudi kesho yake kulalamika.

Mgeni wa meli harudi kesho. Katika miaka ya 1950 meli mbili za kampuni ya British India, zilizoitwa Kenya na Uganda, zilitoka London zikapitia Mediterania na mfereji wa Suez hadi Mombasa. Abiria aliyeshuka kutembea mji alitazama zile sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Kilindini zilizowekwa mwaka 1952 kwa ziara ya Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa binti mfalme. Ngome ya Fort Jesus aliiona kwa nje tu, kwani ilikuwa jela hadi 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Baadaye ile meli ya Uganda iligeuzwa, na kuanzia 1968 ikawa inawazungusha watoto wa shule wa Uingereza katika bandari za Mediterania. Huko nako mchezo ni ule ule: meli hutia nanga Piraeus, watu wakapelekwa mbio Athens, hutia nanga Naples, wakakimbizwa Pompeii, jioni kila mtu awe amerudi melini. Aliye na saa chache hununua kinachobebeka.

Soko la vinyago Mombasa tulilikuta tayari lina wenyewe. Wakamba walikuwa wametutangulia kwa ufundi ambao mwenzao Mutisya Munge alirudi nao kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1963 wakaunda ushirika wao wa Changamwe. Mti wao ulikuwa mwepesi, jiwe letu zito. Ili tuuze kando yao ilibidi tupunguze: kiboko wa kushika kiganjani, yai, kinara cha mshumaa, chesi. Tabaka kuna wachongaji waliochonga simba maisha yao yote na simba mwenyewe hawajamwona ila kwenye picha. Hawakuwa wakidanganya, walikuwa wakimpa mgeni mnyama aliyemfuata Afrika na pengine asimwone kwa uchache wa muda.

Saa hizo chache zilipanga na bei. Basi la watalii likisimama mbele ya Fort Jesus, nilijua nina dakika kadhaa za kutaja bei, kushusha, kufunga kwa gazeti na kurudisha chenji. Nilichomlipa dalali aliyeleta gunia kilikuwa kidogo kuliko nilichopata, na alichomlipa mjomba kilikuwa kidogo zaidi. Maharamia wa Kisomali walipozitisha meli za kitalii miaka ya 2008 hadi 2011, hasara iliteremka kwa njia hiyo hiyo, ikamwangukia mwenye beseni la maji.

Wako waliolikataa jiwe la mkobani. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alichonga ndege wa amani ambaye yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ndege huyo haingii kwenye mkoba wa mtu. Jiwe ni lile lile la machimbo yetu. Tofauti ni kwamba ndege huyo hakuchongwa kwa kipimo cha mkoba wala cha saa chache.

Leo Mombasa ina jengo jipya la kupokea abiria wa meli, na vijana wa Tabaka hupokea oda kwa simu, picha ikitangulia. Nawaambia wapwa zangu jambo moja: simu isiwe kibanda kingine cha dakika kadhaa. Mwonyesheni mnunuzi shimo, sululu na mikono ya mama zenu kabla hamjataja bei. Sisi tulimwachia anayemfikia mgeni apange thamani ya kazi ya wasiomfikia, na miaka yote hiyo hatukumwambia mgeni hata mmoja kwamba Tabaka ipo.